Chesisi Ndiyo Mtaji: Gereji za Arusha na Biashara ya Kufufua Magari ya Porini

Mwezi Aprili, masika yanapofunga kambi nyingi za Serengeti na Tarangire, gereji za Arusha hazina hata pa kuegesha pikipiki. Kuanzia Njiro hadi Unga Limited, Sakina hadi Kwa Mrombo, Land Cruiser zimepandishwa juu ya magogo na stendi za chuma, milango imeng'olewa, viti vimerundikwa ukutani, grenda zinalia tangu saa moja asubuhi. Wenye hoteli huuita huu msimu mfu. Kwa fundi bodi na mchomeleaji ndio msimu wa mavuno, kwa sababu gari lililotoka porini Machi lazima lirudi porini Juni, watalii wanapoanza kumiminika, na kati ya hapo kuna wiki chache tu za kufanya kila kitu.

Ni biashara kubwa ambayo haina safu yake kwenye takwimu za taifa. Watalii wa nje wanahesabiwa hadi mtu wa mwisho: 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020 corona ilipofunga anga, wakapanda hadi 1,808,205 mwaka 2023 na 2,141,895 mwaka 2024. Si wote wanaofika mbugani. Wengi huishia Zanzibar. Lakini wanaofika Kaskazini hupanda gari la aina moja: refu, la paa linalofunguka, tairi la akiba mgongoni. Gari hilo, kwa sehemu kubwa, limekatwa, limerefushwa na kufufuliwa zaidi ya mara moja na mafundi wa mji huu.

Asiyeijua kazi hii hudhani fedha yake iko kwenye vikorombwezo: winchi, bampa la chuma, taa za juu, tairi zenye meno makubwa. Hivyo vinapendeza kwenye picha. Fedha yenyewe iko chini ya gari, kwenye chesisi, springi na ekseli, mahali ambapo mtalii hainami kuangalia na mwenye gari naye hainami mara nyingi inavyopasa. Na kwa kuwa hakuna anayeinama, soko linamlipa fundi hodari na fundi wa kubabaisha kwa bei zinazokaribiana. Hilo ndilo tatizo kubwa la biashara hii, kubwa kuliko kodi na kuliko spea bandia.

Kwanza gari lenyewe. Toyota ilianza kuuza Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 1984. Mwaka 1990 ikaziwekea injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, ujazo wa cc 4,164, isiyo na turbo, nguvu za farasi takribani 130. Kwa gari la uzito ule si nyingi, na mlima wa kutoka kreta ya Ngorongoro huzianika wazi. Sifa yake iko kwingine. Pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma, haina kompyuta. Injini ikishawaka, waya mwingi unaweza kukatika nayo ikaendelea kunguruma. Dereva aliyekwama Ndutu akiwa na spana, waya wa kufungia na redio ya upepo anaweza kuelekezwa na fundi aliyeko Arusha, kilomita zaidi ya 200 nyuma yake, akafika kambini jioni hiyo. Jaribu kufanya hivyo na gari ambalo taa ya hitilafu imewaka na mashine ya kusoma kosa iko mjini.

Mwaka 2023 Toyota iliufanyia mfululizo huo marekebisho na kuutia injini mpya ya lita 2.8 yenye turbo na gia za kujibadilisha zenyewe. Hata hivyo 1HZ haijaondoka. Katika masoko ya Afrika na kwa mashirika ya misaada bado inauzwa ikiwa mpya. Matokeo yake kibiashara ni makubwa. Muuza spea wa Arusha anaweza kujaza rafu zake vifaa vya injini iliyobuniwa miaka zaidi ya 30 iliyopita bila hofu kwamba vitamdodea, na fundi aliyejifunza injini moja akiwa kijana anastaafu akiwa bado anaitengeneza hiyo hiyo. Ni watu wachache wa ufundi wowote duniani wenye bahati ya namna hiyo.

Magari yenyewe hutoka wapi? Mengi hutoka minadani. Serikali, miradi ya wafadhili, balozi na mashirika ya Umoja wa Mataifa huuza magari yao yakichoka, na hapo ndipo madalali wanapojua kazi yao. Gari lililobeba namba za mradi huko Kigoma au Mtwara huja likiwa na injini njema na bodi iliyopondeka, au kinyume chake. Mnunuzi mzoefu hatazami rangi. Huanza kuhesabu bolti za rimu: sita ni toleo la kabla ya mabadiliko ya 1999, lenye springi za vyuma bapa mbele na nyuma, tano ni toleo la baadaye, lenye springi za koili mbele. Hesabu hiyo ya sekunde mbili inamwambia spea zipi zitaingia, bei gani atadaiwa, na kama gari lile litavumilia kazi anayolitakia. Wapo wanaoapa kwamba la bolti sita ndilo gari la porini na haya mengine ni ya mjini. Mabishano hayo hayaishi, na mengi yake ni ushabiki, lakini hayajatokea hewani: springi bapa ngumu hubeba mzigo mkubwa bila kunung'unika, ingawa abiria ndiye hunung'unika.

Kuagiza gari la zamani kutoka Japani au Dubai si njia ya mkato. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000 hutozwa Tanzania ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, na likizidi miaka 10 huongezwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Piga hesabu: gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi 100 linakuwa 125 baada ya forodha, 175 baada ya ushuru wa bidhaa na uchakavu, na zaidi ya 206 baada ya VAT, kabla ya tozo ndogondogo. Kenya imeenda mbali zaidi. Hairuhusu kabisa kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo Land Cruiser kuukuu iliyokwisha kusajiliwa nchini ina thamani ambayo umri wake hauonyeshi. Imeshalipiwa. Kuikarabati hata kwa gharama ya kutisha huwa nafuu kuliko kuleta nyingine.

Kuna mlango mwingine, ila si wa kila mtu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru wa magari ya utalii yanayovuta magurudumu yote manne, yakiingizwa na mawakala wenye leseni na kutimiza masharti: jina, rangi na nembo ya kampuni ziwe zimeandikwa tayari, paa liwe la kufunguka, kuwe na nafasi ya vifaa vya kambi, uokoaji na huduma ya kwanza, mizigo na mawasiliano. Kampuni yenye mtaji hupita hapo na magari mapya. Kijana aliyekuwa dereva miaka kumi, akaanzisha kampuni yake kwa gari moja, hununua kwenye soko la ndani. Yeye ndiye mteja mkuu wa gereji za mitaani, na ndiye anayeumia kazi ikiharibika, maana hana gari la pili la kupokea watalii uwanja wa ndege wa KIA kesho yake.

Sasa tuje kwenye chesisi.

Land Cruiser ya mizigo aina ya 79 ina umbali wa milimita 3,180 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. 78, ile ya bodi ndefu, ina 2,980. Hakuna kati yake inayoketisha watalii sita, kila mmoja na dirisha lake, bila magoti kugongana. Kwa hiyo inakatwa. Bodi inanyanyuliwa, chesisi inagawanywa nyuma ya kiti cha dereva, kipande kinaongezwa, kisha inaungwa. Maelezo ni mstari mmoja, lakini ndani yake kuna tofauti ya gari litakalodumu miaka 15 na litakalopasuka kabla ya misimu miwili.

Fundi mbabaishaji hukata chesisi wima, anaunganisha kipande ncha kwa ncha, anachomelea mzunguko, analainisha kwa grenda na kupaka rangi nyeusi. Inapendeza. Mshono wote sasa uko kwenye mstari mmoja, na chuma kilicho kando ya mshono kimebadilishwa na moto, hakina tena ukakamavu wa kwanza. Baada ya Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, lami inakwisha, na barabara ya vumbi kwenda Naabi, lango la Serengeti, ina mawimbi madogo yanayoitikisa chesisi mfululizo kwa saa nyingi. Chuma huchoka. Ufa huanza kwenye kona ya chini, mwembamba kuliko unywele, ukifunikwa na vumbi na girisi. Dereva huutambua siku mlango wa nyuma unapokataa kufungika.

Fundi anayejua hukata kwa ngazi au kwa mshazari, ili mshono usikae sehemu moja. Huweka kipande cha ndani kinachopita pande zote mbili za kiungo, na bamba la nje ambalo ncha zake zimechongwa kama mdomo wa samaki ili nguvu isikomee ghafla mahali pamoja. Hachomelei kwa kukatiza sehemu ya juu na ya chini ya chesisi pasipo lazima, wala hatoboi matundu huko, kwa sababu hapo ndipo mvutano ulipo mkubwa. Hupima kwa mishazari kutoka kona hadi kona kabla na baada, maana joto la kuchomelea huikunja chesisi, na gari lililopinda milimita chache hula tairi upande mmoja maisha yake yote. Kisha anakumbuka mambo ambayo mwenzake husahau: propela lazima irefushwe na kusawazishwa, au igawanywe mara mbili na kuwekewa beringi ya katikati, vinginevyo hutetemeka mwendo ukizidi, mabomba ya breki yaongezwe kwa mabomba mapya yasiyo na viungo vya kubahatisha, waya wa hendibreki ubadilishwe, mzunguko wa gari kwenye kona upimwe upya. Kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi na vyuma zaidi, na siku gari linapotoka gereji, kwa macho ya mteja, inafanana kabisa na ile ya mbabaishaji.

Hapo ndipo soko linapokwama. Arusha ina wajenzi wakubwa wa bodi, Hanspaul ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, wenye karakana, michoro na jina la kulinda. Chini yao kuna mamia ya mafundi wasio na jina ukutani, na kati yao wamo walio sawa na yeyote, lakini hawana karatasi ya kuonyesha. Hawaandiki unene wa bamba waliloweka, hawapigi picha mshono kabla ya rangi, hawampi mteja kitu zaidi ya neno lao. Kwa hiyo anayetaka kulipa zaidi kwa kazi bora hana jinsi ya kuhakikisha kwamba ndiyo aliyopata, naye anaishia kuchagua bei ya chini. Fundi bora anabanwa ashushe bei au ashushe kazi.

Uzito ndio unaofuata, na wenye magari hupenda kuusahau. Matangi mawili ya aina ya 78 hubeba lita 180. Hiyo ni kama kilo 150 za dizeli. Ongeza watu saba wa kilo 75, yaani kilo 525, na mabegi yao ya kilo 15 kila mmoja. Tumepita kilo 750 bila kuhesabu friji, maji, tairi mbili za akiba, jeki, viti vya chuma, vioo vya ziada, na lile paa zito ambalo liko juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote kwa uthabiti wa gari. Jibu la kawaida mitaani ni kuongeza bapa moja au mawili kwenye springi za nyuma. Gari linanyanyuka, mteja anafurahi. Lakini springi iliyokazwa namna hiyo haikunjiki gari likiwa halina watu. Pigo la shimo linapita moja kwa moja kwenye chesisi, hasa pale panapofungwa shokapu na vishikio vya springi, na ufa unarudi kwa njia nyingine. Springi zilizoagizwa kwa uzito uliopimwa kwenye mizani ni ghali zaidi mara moja, nafuu miaka mitano. Ni wateja wachache wanaopeleka gari mizanini likiwa limejaa. Mizani ipo barabarani, nao huipita kila siku.

Kama kuna kazi inayolipa kodi ya pango la gereji ndogo mwezi baada ya mwezi, ni ekseli ya mbele. Kwenye Land Cruiser hizi, viungo vya kukatia kona viko ndani ya mpira wa chuma uliojaa girisi, umezibwa kwa sili. Vumbi la Ngorongoro, jepesi na la volkano, hupenya pole pole kama unga kwenye chekeche. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huvuja na kuchanganyika na girisi, uji mweusi unashuka kwenye rimu, na usukani huanza kutetemeka. Dawa yake ni kufungua upande mzima, kuosha kila kitu, kubadilisha sili na beringi, kujaza girisi mpya na kufunga kwa kipimo cha mkazo. Fundi mwenye bidii humaliza ekseli yote kwa siku moja. Haina urembo, haipigwi picha. Gereji ambayo imejijengea jina kwa kazi hii peke yake haikosi mteja hata Novemba.

Kuhusu vikorombwezo, nitasema machache. Turbo ya kupachika kwenye 1HZ ni kishawishi kikubwa kwa walio na mlima njiani. Inaongeza nguvu kweli. Inaongeza na joto, na silinda hedi ya injini hii, iliyobuniwa bila turbo, hupasuka ikipikwa. Anayefunga turbo bila kipimo cha joto la moshi na bila kurekebisha dizeli kwa uangalifu anakopa nguvu za leo kwa riba ya injini nzima. Tairi kubwa nazo zina hesabu yake. Tairi ya kawaida ya 7.50R16 ina kimo cha takribani sentimita 80. Ya inchi 35 ni sentimita 89. Difu ya uwiano wa 4.1 sasa inafanya kazi kama ya 3.7, gari lisilokuwa na nguvu za kutosha linazidi kuwa zito, breki zinabeba kazi zaidi, na mshale wa spidi ukisoma 80 gari linakwenda 89, jambo ambalo askari wa barabarani wa Makuyuni hatalikubali kama utetezi. Mfereji wa hewa unaopanda kando ya kioo cha mbele, huo una maana: kwa vumbi la msafara, hewa ya juu ni safi zaidi, na chujio hudumu.

Biashara ya spea ina daraja zake. Vya kiwanda vipo, kwa bei ya kiwanda. Chini yake kuna vya watengenezaji wengine wa Japani wenye sifa, ambavyo mafundi wengi huviona vinatosha. Kisha kuna mtumba, injini na giaboksi zilizong'olewa Japani au kupitia Dubai na Sharjah, zinazoshuka Dar es Salaam na kutawanywa kutoka Kariakoo na Gerezani. Nairobi kazi hiyo hufanywa Kirinyaga Road na Grogan. Chini kabisa kuna bandia, kwenye boksi lenye nembo iliyoigwa vizuri kiasi cha kumdanganya hata muuzaji. Mkanda wa injini wa 1HZ unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 ndio mfano mbaya zaidi. Bandia ukikatika, vali hugonga pistoni, na kilichookolewa dukani kinaliwa mara nyingi juu yake. Wamiliki wenye busara hununua mkanda, sili na beringi wenyewe, wakihifadhi boksi na risiti, na kumwachia fundi hela ya kazi tu. Mafundi hawaupendi utaratibu huo kwa sababu faida yao kubwa iko kwenye spea. Lawama si yao peke yao: mteja anayeshusha bei ya kazi hadi mwisho anamsukuma fundi aitafute faida pengine.

Na fedha yenyewe haifiki kwa wakati. Aprili, gari linapohitaji kazi kubwa, ndipo kampuni ndogo ya utalii haina kitu mfukoni. Watalii wa Machi wamekwisha, malipo ya awali ya Julai hayajaingia. Kwa hiyo gereji hupokea theluthi au nusu, hununua vyuma kwa mkopo wa muuza vyuma, na kubaki kusubiri hadi Agosti. Kwa maneno mengine, mafundi wasio na akaunti ya maana benki ndio wanaokopesha sekta ya utalii mtaji wa msimu, bila riba na bila mkataba. Mwaka 2020 mkopo huo haukurudi. Magari yalikaa gereji miezi, wenye nayo walizima simu, na mafundi wengi waliuza mashine zao za kuchomelea wakaenda kulima au kuendesha bodaboda. Baadhi hawakurejea, na pengo lao lilionekana 2023 wageni waliporudi kwa wingi na foleni za gereji zikawa ndefu.

Wanaochukua nafasi zao wanatoka njia mbili. Wapo wahitimu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na wa Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, wanaojua kusoma mchoro na kupima. Wapo walioanza kama deiwaka, wakiosha vyuma kwa dizeli miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Wa pili ndio wengi, na mikono yao haina mpinzani. Kinachowakosesha zabuni ni ukosefu wa cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, fundi akapimwa na kupewa cheti bila kurudi kukaa dawatini. Kila mwenye gereji mwenye vijana wanne angepaswa kuwapeleka.

Land Rover zina uchumi wake, wa hali ya chini na wa kishujaa. Zile 109 na 110 za zamani, bodi za aluminiamu zisizoota kutu juu ya chesisi ya chuma inayooza, hubeba watu, mbuzi na magunia kwenda minada ya Longido, Monduli na Loliondo, na wachimbaji kwenda Mirerani. Uzalishaji wa Defender ya asili ulikoma Solihull Januari 2016, lakini kwa barabara hizo ni kama haukukoma. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililojaza barabara za mji, kwa nia ya kuipiku rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani. Nyingi ya gari hizo zilikuja kwa nguvu za spea zilizochongwa papo hapo, kwa sababu mwenye Land Rover ya abiria hana fedha ya spea ya Uingereza. Ana fundi wa mashine ya kukereza.

Nairobi imefika kwingine. Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa kulinda faru wa milima ya Aberdare, huwataka washiriki wafikie vituo 13 kwa saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wote, yaani kupita mawe na makorongo badala ya kuzunguka. Hakuna gari la dukani linaloweza. Kwa hiyo kumeibuka karakana za kujenga fremu upya, kufupisha na kupandisha ekseli, kazi ghali kwa wateja wachache wenye fedha. Teknolojia yake hushuka taratibu hadi kwenye magari ya safari, hasa katika namna ya kufunga shokapu. Biashara yake kwa Arusha bado ni ndogo.

Kisha kuna umeme. Mwaka 2018 gari la safari lililong'olewa injini ya dizeli na kuwekewa mota na betri lilianza kazi Serengeti, na Nairobi kampuni ya Opibus, sasa Roam, ilianza kwa kubadilisha Land Cruiser na Land Rover kuukuu namna hiyo hiyo. Mantiki ni nzuri: mwendo wa mbugani ni wa pole pole, mota haina kelele za kukimbiza simba, jua lipo kambini. Lakini Roam leo inajulikana zaidi kwa pikipiki na mabasi, na mwenye macho ya biashara anaelewa kwa nini. Betri ni ghali, magari ya safari ni machache, na kila moja lina chesisi yake iliyokatwa na fundi tofauti. Kambi kubwa zitaendelea na umeme. Mwenye gari moja atabaki na 1HZ kwa muda mrefu.

Kwa hiyo rai yangu ni kwa mwenye gari hilo moja. Masika haya, kabla ya kulipia winchi, lipia mambo matatu: mtu wa kuosha chesisi kwa mvuke na kuikagua kwa taa mshono kwa mshono, mizani gari likiwa limejaa watu na mafuta, na ekseli ya mbele ifunguliwe. Kama unarefusha, mwambie fundi kabla ya kazi kuanza kwamba utalipa nusu ya mwisho baada ya kuona picha za kila kiungo kabla hakijapakwa rangi, na unene wa kila bamba ukiwa umeandikwa na kusainiwa. Baada ya kazi, nenda TRA ubadilishe taarifa za gari kwenye kadi, ili siku ya ajali kampuni ya bima isikute gari ambalo halimo kwenye karatasi zake. Fundi hodari hatakasirika ukimwomba hayo. Akikasirika, gereji nyingine iko hatua chache mbele.